Kanifutia vistari mbele ya wateja, Mwanga ya Kigoma hapa hapa!

Wanajamvi, nimetoka stesheneri sasa hivi, hata chai haishuki. Yule mzee wa kalamu nyekundu mnamjua, simtaji.

Nimemtaipia barua ya Kiingereza ya wenye boti wa Kibirizi wanaoomba mashine, zile za kuchanganya petroli na oili. Nikaandika "two-stroke engines". Mzee akachomoa kalamu, akakata kistari, akapaza sauti foleni nzima isikie: "Kistari ni cha namba za simu!"

Namba za simu!

Ukiandika "two stroke engines", mfadhili anasoma tunaomba mashine mbili. Mbili! Boti ziko 11! Kahamia "small-boat owners", wenye boti ndogo, kakata, sasa wenye boti wenyewe ndio wafupi. Karatasi imetapakaa nyekundu kama machinjioni. Na watu wanacheka. Namba za simu, mimi!

Picha ya barua hiyo hapo chini.

MgebukaMkavu: Umepigwa na kalamu ya mia mbili unakuja kulia huku? Kakulipa?

Mwanzisha uzi: Kalipa nusu. Eti kakata hela ya vistari!

MsomiUjiji: Dada ana hoja. Maneno mawili au zaidi yakibeba sifa moja mbele ya nomino, yafunge kwa kistari. Meli yetu ya ziwani, Liemba, iliundwa Ujerumani 1913, kwa hiyo ni "a 100-year-old ship", na zaidi. Sifa ikija nyuma, "the ship is 100 years old", kistari hakina kazi. Ila kwenye picha naona "newly-built boats". Kielezi cha -ly hakifungwi. Hapo mzee kapatia.

Mwanzisha uzi: Kimoja! Vingine 14 je? Na ndiyo aseme namba za simu?

MamaDagaa: Nyie mnagombania vijiti. Mimi kuna mmoja pale sokoni anapima dagaa kwa sado iliyobonyezwa kitako, mbona hamumsemi?

MgebukaMkavu: Huyo! Kofia ya kijani? Mimi kanichanganyia na mchanga.

Kalinzi_Boy: Mchanga afadhali. Mimi juu dagaa wakavu, chini wabichi, nimefika nyumbani gunia linanuka.

Mwanzisha uzi: Jamani turudi kwenye mada, barua inaondoka kesho na mashine mbili!

MamaDagaa: Subiri dada. Wa kofia ya kijani, kesho anapanga saa ngapi? Nakuja na sado yangu.