Naomba ushauri: sensa za upepo wa tairi kwenye pikipiki

Salaam ndugu zangu, hasa mafundi na wenzangu wa bodaboda. Niko Malindi, nabeba abiria kati ya mjini, Gede na Watamu. Mwezi uliopita nilifunga sensa za kupima upepo, zile za kufunga juu ya valvu badala ya kifuniko, na kioo chake cha kuonyesha presha kwenye usukani. Tairi zangu ni za tyubu.

Shida ni tairi ya nyuma. Alfajiri, tairi ikiwa baridi, najaza upepo hadi psi 32. Nikifika Gede na abiria wawili (najua, msinigombeze) kioo kinasoma 36. Hilo sina wasiwasi nalo, tairi ikipata moto presha hupanda. Lakini kesho yake nakuta 27, na geji ya fundi inasema hivyo hivyo. Ya mbele haipungui.

Nimepaka maji ya sabuni kwenye valvu sensa ikiwa imefungwa: povu dogo linatoka pale inapokazwa. Nikiitoa na kurudisha kifuniko cha kawaida, upepo unakaa siku tatu bila kushuka. Nimeikaza zaidi kwa mkono, wapi! Betri ya sensa nimebadilisha pia, ingawa sidhani inahusika.

Je, ni raba ya ndani ya sensa imekufa, na inapatikana peke yake? Na kwa hapa pwani, kwenye chumvi na mchanga, mnazuiaje sensa isigande kwenye valvu?