Tupeane uzoefu: kutembea Fort Worth, Texas, mji wa makauboi

Msafiri wa Tabora
Wakuu, uzi huu ni wa Fort Worth, si Dallas. Watu huichanganya miji hii kwa sababu uwanja wa ndege ni mmoja, DFW, kumbe toka kati ya mji huu hadi kati ya ule ni kilomita hamsini hivi. Ukikata hoteli Dallas kwa sababu ya bei, kumbuka treni ya TRE inayoiunganisha haitembei Jumapili. Tuandike kwa ajili ya mtu mwenye siku mbili. Wazoefu, karibuni.

Bi Tiketi
Toka DFW panda treni ya TEXRail. Inaondokea jengo B, na ndege nyingi za kimataifa hutua D, kwa hiyo tafuta basi la bure linalozunguka majengo. Tiketi unanunua kabla ya kupanda. Safari ni saa moja kasoro kidogo hadi kituo cha Fort Worth Central.
Wengi hukosea kwenye kituo cha North Side. Kwenye ramani kinaonekana kiko mlangoni mwa Stockyards, mtaa wa zamani wa mnada wa ng'ombe, lakini kuna zaidi ya kilomita moja kando ya barabara yenye magari mengi. Kwa mtu mwenye begi la magurudumu Julai, joto likiwa 38°C, hiyo ni adhabu. Teremka mjini, weka mizigo, kisha uende.

Fimbo ya Mswagaji
Stockyards ndipo kila mtu anapokimbilia, na ni haki. Miaka ya 1860 na 1870 ng'ombe walioswagwa kwenda reli za Kansas walipita hapa, kituo kikubwa cha mwisho kabla ya kuvuka mto Red. Reli ilifika mjini 1876, na viwanda vya nyama vya Swift na Armour vikaja mwanzoni mwa miaka ya 1900. Jengo la mnada, Livestock Exchange, ni la 1902 na bado lipo.

Siku hizi maksai huswagwa mara mbili kwa siku, saa tano na nusu asubuhi na saa kumi jioni, kwenye East Exchange Avenue. Ni bure. Jua mapema kwamba ni maksai chini ya ishirini, wanapita kwa mwendo wa pole, na ndani ya dakika chache imekwisha. Wanaolalamika ni waliofika saa tano na nusu kamili wakakuta migongo ya watu. Fika nusu saa kabla, simama ukingoni mwa barabara, na usishuke kwenye matofali ya barabarani. Hali ya hewa ikichafuka wanaahirisha.

Aliyezoea Ankole wa Uganda atatazama pembe kwanza. Za Ankole ni nene tangu kwenye shina na zinapanda juu. Za longhorn, ng'ombe wa Texas, zinatoka kichwani kwa ubavu kama mtu aliyenyoosha mikono, halafu ncha ndiyo inapinda. Akigeuza kichwa, aliye karibu anarudi nyuma bila kuambiwa.

Mjukuu wa Maksai
Hapo hapo mtafute Bill Pickett, sanamu ya mtu anayemwangusha ng'ombe kwa pembe. Alikuwa kauboi mweusi wa Texas, na mtindo wa kuruka toka kwenye farasi na kumpindua ng'ombe shingo ndiye aliyeuvumisha. Alikuwa akimng'ata ng'ombe mdomo! Wageni wengi hupita bila kusoma kibao.

Sekunde 8
Rodeo, mashindano ya makauboi, ni Ijumaa na Jumamosi usiku, Cowtown Coliseum, jengo la 1908. Mpanda fahali lazima akae sekunde 8 akishika kwa mkono mmoja; ule wa pili ukimgusa fahali, hana alama. Alama ni 100, nusu za mtu na nusu za fahali, ndiyo maana aliyekaa vizuri juu ya fahali mvivu haendi mbali. Mbio za mapipa: unazunguka mapipa 3 juu ya farasi, ukiangusha moja unaongezewa sekunde 5.

Fundi Ngozi
Wanaonunua buti: kisigino kikipanda kidogo unapotembea, sawa, soli mpya bado ngumu. Panapotakiwa kubana ni mgongo wa unyayo, kwa sababu buti halina kamba, hapo ndipo linaposhika. Jaribu jioni, miguu ikiwa imetanuka. Na pama usiilaze kwa ukingo wake, igeuze juu chini, la sivyo ukingo unapinda.

Bint Sanaa
Mnaongelea ng'ombe tu! Magharibi ya mji, kilomita kama 3, kuna Kimbell, jumba la makumbusho ya sanaa lililobuniwa na msanifu Louis Kahn, la 1972. Dari ni matao marefu ya zege yenye mwanya juu kabisa. Chini ya mwanya kuna bati la alumini lenye vitundu linalorudisha mwanga kwenye zege. Wingu likipita nje, ukuta ndani unabadilika rangi. Mkusanyiko wa kudumu ni bure. Amon Carter, makumbusho nyingine ya sanaa, bure pia, unaifikia kwa miguu. Zote mbili zimefungwa Jumatatu, na hapo ndipo watu hupoteza siku.

Bi Tiketi
Na Water Gardens, bustani ya maji mjini, jirani na ukumbi wa mikutano. Bwawa lenye ngazi za maji linavutia kuingia. Msiingie. Watu 4 walikufa maji humo 2004, kina kikapunguzwa baadaye.

Chenji Ipo
Kiwanda cha dola kipo kaskazini mwa mji, kutembelea ni bure, simu haziingii. Nenda kwa gari. Noti mpya ya 100 iliyochapwa huko ina herufi FW ndogo juu kushoto, kulia kwa tarakimu 100.

Mgeni Mpya
Yangu haina FW. Ni feki?

Chenji Ipo
Hapana mkuu, hiyo imechapwa Washington.