Mtengenezaji wa tovuti abobee katika fani moja au ajue mengi?

Swali
Kwa miaka minne nimetengeneza tovuti nikiwa peke yangu: nasanifu mwonekano, naandika msimbo, nasimamia seva (kompyuta zinazohifadhi na kutuma kurasa), hata maandishi ya wateja nayahariri mwenyewe. Sasa natafuta ajira katika kampuni kubwa, na karibu kila tangazo linataka mtu wa jambo moja. Je, niache mengine yote nibobee katika JavaScript, lugha ya msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari?

Jibu la kwanza
Bobea, lakini chunguza kwanza unabobea katika nini. Mimi nilikuwa fundi wa Flash, teknolojia ya Adobe ya kuweka picha zinazosogea na michezo kwenye tovuti, na kwa muda mrefu nililipwa kuliko wenzangu waliojua mengi. Mwaka 2010 Steve Jobs, mkuu wa Apple, alipoeleza hadharani kwa nini iPhone haitaikubali Flash, wateja wangu walianza kupungua, na Adobe ilipoacha kuihudumia mwishoni mwa 2020, nilikuwa nimekwisha kuanza upya zamani. Kilichobaki mkononi mwangu ni ujuzi wa kupanga picha zinazosogea ili jicho la mtumiaji lisipotee, na huo ndio ninaoutumia hadi leo katika CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa.

Jibu la pili
Naheshimu maelezo ya mwenzangu, ila mimi huajiri, na nisingekushauri uutupe upana wako. Ukurasa unapofunguka polepole, msanifu humlaumu mtu wa seva, naye mtu wa seva huzilaumu picha, na siku mbili hupita bila aliyepima chochote. Aliyewahi kushika pande zote mbili hujua pa kuanzia. Isitoshe, mipaka yenyewe huhama: tangu Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ilipotoka mwaka 2009, lugha hiyo ya kivinjari imekuwa pia lugha ya seva.

Jibu la tatu
Fikiria ufikivu kwa watu wenye ulemavu, yaani kuzijenga tovuti ili nao waweze kuzitumia. Kanuni nne za WCAG 2.0, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti wa mwaka 2008, kwamba maudhui yatambulike, yatumike, yaeleweke na yawe imara, zimo pia katika toleo la 2.2 la mwaka 2023, ilhali zana nyingi za wakati ule zimesahaulika. Fani hii inahitaji mtu anayeelewa usanifu, msimbo na maandishi kwa pamoja, yaani mtu kama wewe.

Muulizaji
Nashukuru sana. Sikuwahi kuuona ufikivu kama fani ya kubobea; nitaanza kwa kuzikagua upya tovuti nilizozijenga mwenyewe, nikizitumia kwa kibodi pekee bila kipanya.