Nimetupiwa mikrobiolojia, biokemia na kemia kwa mpigo, praktiko nazipangaje?

tyuta_mpya
Habari za humu wakuu. Nafundisha chuo fulani huku bara, semesta hii watu wamestaafu na mzigo wote umeniangukia mimi, kozi tatu za mwaka wa kwanza. Lekcha sio shida sana, shida praktiko. Darasa limejaa mpaka dirishani, hadubini nzima ni za kuhesabu, kemikali ukiagiza leo zinafika semesta imeisha. Halafu vijana wenyewe wanaishi kwa madesa, muulize hatua za Gram, ile ya kutia bakteria rangi kuwagawa makundi mawili, anakutiririshia zote bila kukosea, mpe slaidi sasa, anaitumbulia macho tu. Na kila kozi wanaiona kivyake, mtu kafaulu vizuri asidi na besi kwenye kemia lakini biokemia ukimwambia pH imeshuka ndo maana kimeng'enya kimezubaa anakuona umeanzisha mada mpya. Naomba uzoefu, ila msiniambie niandike barua ya kuomba vifaa, nishaandika.

mtu_wa_pwani
Pole sana mkuu. Kwenye kemikali, agari ile jeli ya kuoteshea bakteria isikusumbue, mwani umejaa Zanzibar, chukua gunia pikeni wenyewe.

dada_maabara
@mtu_wa_pwani hapana kaka, huo mwani wanaolima akina mama kule, spinosamu na kotonii, unatoa karajinani, jeli ya aina nyingine, sio agari. Agari inatoka kwenye mwani wa Gelidium na Gracilaria. Na hii hadithi wasimulie vijana, kwamba maabara ya Robert Koch, yule Mjerumani mtafiti wa bakteria, walikuwa wanatumia jelatini, joto la 37 inayeyuka na bakteria wengine wanaila kabisa, mpaka 1881 Fanny Hesse, mke wa Walter Hesse aliyekuwa akifanya kazi humo, akapendekeza agari aliyokuwa anapikia jikoni kwake.

Sasa @tyuta_mpya nakupa ninachofanya mimi, nashika kitu kimoja kinachopita kwenye kozi zote tatu, na hicho kitu ni togwa. Sitanii. Pikeni uji wa mahindi mzito, uache upoe mpaka uwe vuguvugu, tia kimea cha ulezi (unga wa ulezi uliooteshwa) koroga, kila baada ya dakika chache chota tone weka kwenye iodini. Mwanzoni bluu nyeusi, baadae inaenda kahawia, mwisho inabaki rangi ya iodini yenyewe, hapo amailezi, kimeng'enya cha kwenye kimea, imeshaukata wanga. Benedikti, kile kipimo cha sukari, nayo itatoa nyekundu ya tofali kwa sababu ya sukari ya maltozi. Kundi jingine waambie watie kimea uji ukiwa bado unachemka, wataona bluu haiondoki, na mtoto wa Songea atakwambia bibi yake anajua hilo siku zote, uji wa moto unaua kimea. Hiyo ni biokemia tayari. Inayobaki ifunike mpaka kesho kutwa, bakteria wa laktiki wachachushe, hapo una mikrobiolojia, na ile asidi ndo kemia yako. Ila ya maabara hainywewi!! sema mapema maana watakunywa.

mzee_byureti
Togwa nakubali ila kwenye kemia usiwalegeze. Chuja kwa kitambaa, pima ujazo kwa pipeti, ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa, matone ya fenofthalini ya kuonyesha rangi, halafu dondoshea besi ya NaOH 0.1 M mpaka rangi ibadilike. Mililita 1 ya hiyo inalingana na gramu 0.009 za asidi laktiki, waache watafute wenyewe hiyo namba imetoka wapi. Na NaOH lazima waisanifishe kwanza, yaani wapate ukali wake halisi, kwa asidi oksaliki, maana inanyonya maji na kabonidioksaidi hewani, ukipima kwenye mizani unajidanganya. Vijana wengi wanadhani kilichoandikwa kwenye chupa ni msahafu. Mwisho wapime pH, wape pKa (namba ya nguvu ya asidi) ya 3.86, wakokotoe kiasi gani bado ni asidi na kiasi gani ni laktati, yaani iliyokwishaachia protoni.

tyuta_mpya
Aisee hii ya togwa nimeipenda mno. Gram je, na hadubini zenyewe hizi?

dada_maabara
Gram usiwape wote kitu kimoja. Chukua togwa iliyochachuka, izimue kwa maji kwanza maana wanga utakuchafulia slaidi, changanya na E. koli ya K-12, bakteria Gram hasi wa maabara, iliyooteshwa usiku mmoja kama mnayo. Hatua zikifuatwa zote, Gram chanya wa togwa wanabaki zambarau na Gram hasi wanakuwa pinki. Kundi moja lifuate hatua zote, la pili liruke iodini, la tatu liruke alkoholi, la nne liruke safranini. KABLA ya kuangalia kila kundi liandike litaona nini na sababu. Walioruka iodini karibu kila kitu kinakuwa pinki, wa alkoholi wote zambarau, wa safranini Gram hasi hawaonekani. Hapo desa halisaidii. Hadubini moja nzuri inatosha, weka kamera ya simu kwenye lenzi ya jicho urushe kwa projekta. Wakiona mabonge makubwa ya zambarau wasishtuke, hizo ni hamira.

mtu_wa_pwani
Haya nimejifunza ya mwani 😂 na kama otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, imekufa?

mzee_byureti
Sufuria ya presha inayofika paundi 15 kwa inchi ya mraba, hiyo ni nyuzi 121, dakika 15. Toa hewa yote kwanza. Ila soma maandishi ya sufuria, nyingi za umeme hazifiki hapo.

tyuta_mpya
Asanteni sana. Kimea naulizia kwa jina gani sokoni?

dada_maabara
Sema kimea cha ulezi, wanaouza vitu vya pombe za kienyeji wanacho. Siku moja kabla ya darasa kijaribu mwenyewe kwenye uji na iodini, kuna wanaokuuzia unga wa ulezi mtupu ambao haujaoteshwa.