Naomba ushauri: utafiti wangu wa vumbi na vifua vya watoto umekwama

Mpima Vumbi (mleta mada)
Wanajamvi, nawasalimu. Ninasomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na utafiti wangu unahusu watoto wanaoishi karibu na machimbo ya kokoto. Tumewapima watoto 200 wa mtaa unaopakana na machimbo na wengine 200 wa mtaa wa mbali. Hesabu ya awali inaonyesha kwamba wa karibu wanakohoa na kubanwa kifua zaidi, lakini nikiingiza kipato cha kaya na nishati ya kupikia, tofauti hiyo inapungua mpaka inakaribia kufutika. Wazazi wanasubiri majibu, nami usingizi umenipaa. Je, ni halali kuviacha nje vigezo hivyo viwili?

Bibi Hesabu
Si halali, mwanangu. Moshi wa kuni ndani ya nyumba huumiza kifua cha mtoto hata pasipo machimbo, na kama kaya maskini ndizo zinazopika kwa kuni na ndizo zilizosukumwa karibu na machimbo, basi ukiuacha moshi nje utalibebesha vumbi mzigo usio wake. Kuhusu kipato, nenda taratibu kidogo. Ulikiuliza cha leo au cha kabla mtoto hajaugua? Cha leo huenda kimeshaliwa na dawa na siku ambazo mama hakwenda kazini, na hapo umaskini unakuwa matokeo ya ugonjwa. Ukiuingiza katika hesabu kama kigezo, unafuta sehemu ya madhara unayoyatafuta. Halafu nieleze: hizo kaya zilichaguliwaje?

Mstaafu wa Mawe
Nilikata mawe kwa miaka 22. Kila mwaka waganga walikuja kutupima vifua, na kila mwaka waliandika kwamba wafanyakazi ni wazima. Walikuwa wakweli, kwa sababu aliyeanza kuhema akipanda ngazi alikuwa ameshaacha kazi na kurudi kwao kabla ya siku ya vipimo. Rafiki yangu niliyeshirikiana naye msumeno mmoja hakuhesabiwa katika daftari lolote. Kwa hiyo nakuuliza, mleta mada: je, familia zenye watoto wagonjwa zaidi bado zipo mtaani, au zimekwisha kuhama?

Mwalimu wa Zamu
Mimi naona mnahangaika na vumbi na kuusahau umaskini wenyewe. Uchunguzi wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 nchini Uingereza, uliwafuatilia watumishi wa serikali wanaume wapatao 18,000. Wote walikuwa na ajira na mshahara, lakini wa ngazi za chini walikufa zaidi kuliko wa ngazi za juu, na uvutaji sigara pamoja na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya pengo hilo. Cheo na uwezo wa mtu kuyaamua mambo yake huingia mpaka kwenye moyo. Andika kuhusu umaskini, uwe umesema kweli.

Mpima Vumbi
Nashukuru, Mwalimu, nitauweka uchunguzi huo katika sura ya pili. Mzee wangu Mstaafu, waliohama sikuwahesabu, na sasa naona ilinipasa. Bibi, kipato tuliuliza cha mwezi uliopita tu. Hata hivyo, vumbi lile si la kubuni: nilichora mstari kwa kidole juu ya meza ya nyumba moja asubuhi, na tuliporudi jioni mstari ulikuwa umefunikwa.

Msaka Ukweli
Mniwie radhi, lakini kisa hiki sikiamini. Watoto 200 kwa 200 bila hata mmoja kupungua, na tofauti inayofutwa na vigezo vilevile vinavyofundishwa darasani? Nimekusanya takwimu za kaya kwa miaka mingi na sijawahi kukuta mtaa ambao milango yote ilifunguka. Hili ni swali la mtihani lililovishwa nguo za huzuni, na tunamfanyia mtu kazi yake.

Mstaafu wa Mawe
Hata likiwa la mtihani, mimi niliyemzika rafiki nalijibu kwa moyo mmoja.

Bibi Hesabu
Msaka Ukweli ameligusa swali langu ambalo halijajibiwa. Mleta mada, ambao hawakuwa nyumbani wako wapi?

Mpima Vumbi
Sijabuni. Tulichagua kaya kwa kura, lakini katika mtaa wa karibu kaya 46 hazikupatikana hata tulipozirudia. Kamati ya wakazi wanaoyalalamikia machimbo ikatuletea kaya nyingine za kujazia. Nyingi kati ya hizo zilikuwa na mtoto anayekohoa. Muda wa kukusanya ulikuwa unakwisha, na wenyeji ndio wanaozijua nyumba zenye shida. Muhtasari unaosema kwamba vumbi ndilo linalowaumiza watoto nimeshamkabidhi mwenyekiti wao kwa ajili ya mkutano wa wiki ijayo. Sikuona ubaya, kwa kuwa naamini ndivyo ilivyo.

Bibi Hesabu
Ndiyo maana hakupungua hata mmoja. Kwa hiyo hata tofauti ya awali huenda imetiwa chumvi na uteuzi, wala si vumbi peke yake. Mwanangu, John Snow, daktari wa Uingereza aliyeshuku kwamba kipindupindu huenezwa na maji, naye aliamini. Mwaka 1854, kipindupindu kilipolipuka Soho, London, hakuridhika na waliokufa karibu na pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street. Aliuliza kwa nini katika nyumba ya maskini ya jirani, yenye watu 535, walikufa watano tu. Akakuta wana kisima chao. Aliuliza kwa nini mjane alikufa Hampstead, mbali na hapo. Akakuta alikuwa akiletewa maji ya pampu ileile kwa kuwa aliyapenda. Waliopona na waliokufa mbali ndio walioipa hoja yake nguvu. Wewe umeletewa wanaokohoa tu. Tena umepima umbali; vumbi lenyewe hujalipima. Nyumba iliyo mbali lakini upande upepo unakoelekea huweza kupokea vumbi kuliko ya jirani iliyo upande upepo unakotoka.

Msaka Ukweli
Naondoa neno langu kuhusu mtihani. Kaya hizo za kujazia zina alama yoyote katika daftari?

Mpima Vumbi
Zina. Karani aliziandika kwa kalamu nyekundu, na wakati ule nilimkaripia kwa kuchafua ukurasa.

Msaka Ukweli
Basi zitoe, ufanye hesabu upya na vigezo vyote viwili ndani, kisha umweleze msimamizi wako na kamati ya maadili kabla hawajasikia kwa mtu mwingine.

Mpima Vumbi
Nimempigia mwenyekiti simu jioni hii, nikamwomba asiusome muhtasari. Amekasirika na kuniuliza kama nimenunuliwa. Kesho nakwenda kwake mwenyewe, na daftari mkononi.

Mstaafu wa Mawe
Ukifika, muulize majina ya waliohama.