Nimelipa mara mbili, na bado mashine ya duka la vitafunio inaniita mdaiwa

Wanajukwaa wenzangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumanne wiki hii, katika zile dakika 20 tunazopata kati ya mhadhara mmoja na mwingine, niliingia katika duka la vitafunio la chuo chetu hapa Nakuru, nikachukua maandazi mawili na pakiti ya maziwa lala, jumla shilingi 80. Tangu muhula huu uanze, duka hilo halina muuzaji wala halipokei pesa taslimu: unajichukulia unachotaka, unagusa picha yake kwenye tableti iliyofungwa ukutani, unaandika nambari yako ya simu, kisha ombi la PIN linakujia mkononi.

Niliweka PIN. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia papo hapo pamoja na nambari yake ya uthibitisho, na salio langu likapungua shilingi 80. Tableti iliendelea kuzungusha kiduara chake kwa muda mrefu, halafu ikaleta maandishi mekundu: “Malipo hayajakamilika. Jaribu tena.” Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni na mhadhara ulikuwa unaanza, kwa hiyo nilijaribu tena, nikakatwa shilingi 80 nyingine, na safari hii mashine ikashukuru. Jioni nilipopita pale nilikuta jina langu kamili na nambari yangu ya usajili kwenye orodha ya wadaiwa inayoonyeshwa juu ya tableti hiyo kutwa nzima, eti nadaiwa shilingi 80 za agizo la kwanza.

Nasomea kompyuta, kwa hiyo najua hili limetoka wapi. Mteja akishaweka PIN, mfumo wa malipo hutuma jibu kwenye seva ya mwenye duka, yaani kompyuta inayopokea taarifa za malipo yake, na seva hiyo ndiyo inayoiambia tableti kwamba pesa zimefika. Seva ikiwa imezimika, au intaneti ya chuo ikiwa imekatika kama inavyokatika kila umeme unapopotea, jibu halimfikii mwenye duka ilhali pesa zimeshatoka kwa mteja. Jambo hili si geni kwa yeyote aliyewahi kutengeneza programu ya malipo, na ndiyo maana kuna njia ya kuuliza hali ya muamala: kabla ya kumwambia mtu kwamba hajalipa, seva inarudi kuuliza kama muamala ule ulifanikiwa. Vilevile, agizo moja linapaswa kubaki agizo moja hata mteja akibonyeza mara tano, ili jaribio la pili lisihesabiwe kama ununuzi mwingine. Waliotuletea mfumo huu hawakufanya hata moja kati ya hayo mawili. Ukimya wa seva yao wameuchukulia kuwa ushahidi dhidi ya mwanafunzi, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo, kwa sababu si hitilafu ya bahati mbaya. Mtu aliketi akaamua kwamba panapokuwa na shaka, mwizi ni mimi.

Nilikwenda katika ofisi inayosimamia duka nikiwa na jumbe zote mbili kwenye simu. Mhudumu hakuzitazama. Aligeuza kompyuta yake kidogo, akanionyesha mstari mwekundu wenye jina langu, akasema mfumo haukosei na kwamba nikilipa deni jina litaondoka lenyewe. Yaani nilipe shilingi 240 kwa chakula cha shilingi 80!

Mama aliyekuwa akituuzia pale kabla ya tableti alikuwa na nambari ya till, yaani ya kumlipa kwa M-Pesa, iliyoandikwa kwenye kipande cha kadibodi, na daftari lililoning'inia kwenye msumari kwa uzi. Ulilipa, ukamwonyesha ujumbe, ukaondoka. Mtandao ukipotea aliandika jina lako kwenye daftari, na jioni alipitia jumbe zake akakata jina la kila aliyelipa. Hakuwahi kulisoma daftari lile mbele za watu. Huo ulikuwa mfumo, tena uliosanifiwa vizuri, na wale wenye kabambe, simu ndogo za vitufe, waliutumia bila shida.

Kuhusu ile orodha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kutaka taarifa za uongo kumhusu zisahihishwe. Nimeshaandika barua kuomba hivyo. Ninataka shilingi zangu 80 zirudishwe, jina langu liondolewe leo, orodha yenyewe izimwe, na kibandikwe kibao chenye nambari ya till ya kawaida ukutani ambayo mtu atalipia tableti inapokwama, badala ya kuambiwa ajaribu tena.

Kama nawe umekatwa mara mbili, tafadhali andika hapa chini siku, saa na kiasi ulichokatwa, lakini ficha nambari yako ya simu na ile ya uthibitisho. Hadi sasa wenzangu wanne wa darasani wamenionyesha jumbe zinazofanana na zangu, zote za asubuhi hiyo hiyo ya Jumanne, na nitaziambatisha zote kwenye barua ya pili ninayoipeleka Jumatatu.