Tupeane uzoefu: mkono umelegea, bastola ndogo haikokiki

Papa_wa_Katuba
Jambo yenu. Naongea na wenye kubeba bastola kwa kazi au kwa kibali, ambao mikono imeanza kugoma: baridi yabisi, sukari, kiharusi, ajali ya moto. Mimi kifundo cha mkono wa kuume kilivunjika, kikaunga, nguvu haikurudi yote. Juzi kwenye zoezi la shabaha kijana mmoja alinitazama ninavyohangaika na slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma kukoki, mpaka akaniuliza, "Papa, nikukokie?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini bukari (ugali) ya siku hiyo haikushuka vizuri. Nani amepitia haya na alifanyaje?

Mwana_Kamalondo
Nikukokie! 😂😂 Minakufa na kicheko. Pole papa.

Polisi_Mustaafu
Umenigusa penyewe. Kabla ya kuingia polisi nilitoboa mwamba chini ya ardhi. Ule mtambo unatetemesha mpaka vidole vinakufa ganzi na kuwa vyeupe. Baridi ya mwezi wa 6 hapa Lubumbashi, asubuhi hujui kama umeshika kikombe au umeshika hewa. Na mikono hiyo hiyo nikapewa Makarov, ile bastola ya Warusi.

Watu wanaona ni ndogo wanadhani itakuwa laini. Uongo mtupu. Kwenye Makarov mtutu na slaidi havifungani. Risasi ikilipuka, kinachozuia slaidi isirudi mapema ni uzito wake na springi, basi. Slaidi ikiwa ndogo, springi lazima iwe kali. GP ya Herstal, ile Browning ya 9 mm ambayo baba zetu waliijua kwa Wabelgiji, mtutu wake unajifunga na slaidi kwanza ndipo vinaachana, kwa hiyo springi haina haja ya kuwa kali hivyo. Nimebeba zote mbili. Kubwa ndiyo ilinihurumia.

Tena kile kishikizo cha kasha la risasi kwenye Makarov kiko chini kabisa, kisiginoni mwa mpini. Unakirudisha nyuma kwa kidole gumba huku mkono wa pili unavuta kasha. Gumba likiuma utasali rozari nzima kasha liko palepale.

Likasi_Original
Mzee na GP yake! Sefti ya zile za zamani, kile kitufe cha kuzuia isilie, ni ndogo kama mbegu ya nyanya. Gumba likiwa na ganzi utaitafuta mpaka kesho. Makarov sefti yake ni pana, inaonekana.

Polisi_Mustaafu
Inaonekana, ndiyo, lakini ukisahau kuishusha slaidi haiendi popote. Nimeona watu wanavuta, wanatoa jasho, wanasema mkono umekufa, kumbe sefti iko juu.

Likasi_Original
Hata GP iko hivyo hivyo, sefti ikiwa juu slaidi inafungwa. Usiongee kana kwamba ni dosari ya Warusi.

Mama_Ruashi
Mie najiuliza tu: mbwa wa kulinda nyumba alikosa nini?

Kine_wa_Kampemba
Mimi silaha sizijui sana, mikono ndiyo kazi yangu, na polisi kadhaa nimewafanyisha mazoezi. Karibu wote wanavuta slaidi kwa kuibana kati ya gumba na kidole cha shahada. Hapo unatumia misuli midogo kuliko yote, na unabana kiungo cha shina la gumba ambacho ndicho baridi yabisi inakipenda.

Acha kubana. Leta bastola karibu na kifua, mdomo wake ukielekea mbele pasipo mtu, kidole mbali na kifyatulio. Weka kiganja kizima cha kushoto juu ya slaidi upande wa nyuma, vidole vyote vinne vikaze. Sasa mkono wa kushoto utulie, wa kuume ndio usukume mpini kwenda mbele, kwa nguvu na kwa mara moja. Hapo bega na kifua ndivyo vinafanya kazi. Slaidi ikifika mwisho, iachie irudi yenyewe. Ukiisindikiza polepole risasi haiingii sawasawa. Yote haya kwanza na bastola tupu.

Polisi_Mustaafu
Kine kasema sawa. Naongeza mawili. Kama ina nyundo ya nje, irudishe nyuma kwanza kwa gumba au kwa kiganja, ndipo uvute slaidi. Sehemu ya ule ugumu ni slaidi inayoinamisha nyundo. La pili: mkono wa kushoto usipite mbele ya mdomo wa bastola, wala usizibe dirisha la kutolea maganda.

Mwana_Kamalondo
Na kubana mpira kila asubuhi? Babu alikuwa anabana mpira wa tenisi.

Kine_wa_Kampemba
Inategemea. Baada ya kuvunjika, kifundo kikishaunga, sawa, mpira laini. Kiungo kilichovimba na chenye moto, hapana, utakichokoza zaidi. Maji ya vuguvugu kabla ya zoezi yanasaidia wengi.

Mwana_Kamalondo
Mama yangu anasema mafuta ya mawese.

Kine_wa_Kampemba
Ya kupikia sombe, ndiyo.

Mutoto_wa_Kenya
Mnisamehe, itakuwa ndefu. Muyomba wangu (mjomba) ni mfanyabiashara, mizigo yake inatoka mpakani Kasumbalesa. Ana bastola ndogo ya milimita 7,65 yenye kibali, jina lake naliacha. Kiharusi kilimpitia, upande wa kushoto ukabaki dhaifu. Anatembea, anaongea, anagombana na wateja, lakini mkono ule haushiki kitu.

Tulikuwa na matanga kwake, watu wamejaa lupango (uani), umeme hakuna. Mtu akapiga kelele kwamba wezi wako nyuma ya ukuta. Muyomba akaingia chumbani akatoka na chuma. Wezi wenyewe walikuwa vijana wa jirani, wamepanda mwembe. Tukacheka, tukawagombeza, tukaketi tena.

Sasa muyomba anataka kuitoa risasi. Mkono wa kushoto haushiki, basi akaibana bastola katikati ya magoti, akavuta slaidi kwa kuume. Risasi ikaruka, ikadunda kwenye sementi, sote tuliiona kwa mwanga wa simu. Ndipo akahangaika na kasha, likatoka, akalitia mfukoni. Akasema, "Imekwisha." Akaielekeza pembeni, akafyatua ili kulegeza springi.

PA!

Ilipita karibu na shangazi ikaingia kwenye mfuko wa unga wa matanga. Shangazi alikuwa anasonga bukari. Alibaki ameshika mwiko, uso wote umejaa unga, hasemi neno, na sufuria inatokota. Wakina mama wa kwaya walikuwa wamelala chini wote. Muyomba anaangalia bastola, anaangalia risasi kule sementini, anauliza, "Sasa hii imetoka wapi?"

Mwana_Kamalondo
WEEEE 😳 na shangazi?

Mutoto_wa_Kenya
Mzima. Muyomba hasalimiwi naye mpaka leo.

Mama_Ruashi
Na ule unga mliupika?

Mutoto_wa_Kenya
Mama, watu walikuwa wengi.

Polisi_Mustaafu
Ilitoka kwenye kasha, itoke wapi tena? Alipovuta slaidi na kasha likiwa ndani, ya kwanza ilitoka na ya pili ikaingia. KASHA KWANZA. Kisha slaidi, uivute zaidi ya mara moja. Kisha chungulia ndani pale risasi inapokaa, kisha tia kidole usikie patupu, usiku hasa. Na magoti! Ukiibana hapo, mdomo unatazama paja lako au tumbo la jirani.

Likasi_Original
GP isingelia, mtaniwia radhi. Ukitoa kasha kifyatulio chake hakifanyi kazi.

Polisi_Mustaafu
Hapo umesema kweli, lakini usimfundishe mtu kutegemea kifaa hicho. Kesho atashika ya mwenzake isiyokuwa nacho.

Mama_Ruashi
Mzee mwenye kiharusi anyang'anywe hicho chuma. Mwisho.

Mutoto_wa_Kenya
Mama, polepole. Ule ni muyomba. Nani atamnyang'anya, wewe?

Mama_Ruashi
Shangazi!

Likasi_Original
Mtu kuugua si kosa. Ila kibali kinakuruhusu kuwa nayo, hakikurudishii mkono. Sheria ya silaha ya 1985 ilikuja na vibali, haikuja na vidole.

Yaya_wa_Phoenix
Salamu toka Arizona, mzaliwa wa Kamalondo. Huku tatizo hili lina soko lake. Smith & Wesson walitoa Shield EZ mwaka 2018, slaidi yake wameilegeza kwa makusudi kwa watu kama sisi. Beretta wana ndogo kama Tomcat, mtutu unainuka upande wa nyuma ukibonyeza kishikizo, unaweka risasi moja kwa moja bila kukoki. Mimi nina sukari na vidole vyangu vina ganzi, nilijaribu revolva kwa sababu haina slaidi. Kukoki hakuna, lakini kuvuta kifyatulio bila kuinua nyundo ni kama kilo 5 za kidole kimoja. Niliirudisha.

Na jambo ambalo hamjaligusa: kufyatua kwenyewe. Kifundo kikilegea bastola yote inarudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi haimalizi safari yake, ganda linabanwa kwenye dirisha la kutolea likiwa wima. Nilidhani bastola ni mbovu, mwalimu akaishika yeye, ikapiga bila shida.

Mwana_Kamalondo
Si ukate springi kidogo tu, iwe laini?

Polisi_Mustaafu
Kata springi ya kitanda chako. Ile ya bastola ndiyo inarudisha slaidi na kuingiza risasi. Ukiifupisha, chuma kinagonga chuma mpaka kinapasuka.

Papa_wa_Katuba
Nimejaribu ya Kine na bastola tupu, kasha liko chumba kingine. Kusukuma mpini kunakubali, slaidi ilifika mwisho. Lakini kuijaza kasha lenyewe, risasi mbili za mwisho, gumba linakataa kabisa.

Yaya_wa_Phoenix
Papa, kuna kifaa kidogo cha plastiki unavisha juu ya kasha, kinasukuma risasi chini badala ya gumba. Kuna mtu anashuka huko Desemba, niambie aina ya kasha.

Likasi_Original
Au usizijaze zile mbili. Nani alikulazimisha?

Polisi_Mustaafu
Mimi sizijazi.

Mama_Ruashi
Haya. Kuna mwenye watoto wa mbwa upande wa Ruashi? Wakubwa wakubwa, si wale wa kubebwa.

Mutoto_wa_Kenya
Muyomba anao. Lakini bei utapatana na shangazi.